Makasha ya Kompyuta na Kelele Zake

Kasha la kompyuta lenyewe halitoi sauti. Kinachosikika ni feni zinazosukuma hewa, hewa inayojipenyeza kwa shida kwenye matundu membamba, diski inayozunguka, koili za kadi ya grafiki zinazolia kwa sauti nyembamba zikielemewa na mzigo, na bati linalotetemeka kwa sababu ya hayo yote. Kasha lina kazi mbili zinazovutana: kuruhusu joto litoke na kuzuia kelele isitoke. Tundu linalopitisha hewa hupitisha pia sauti. Kila kasha linalouzwa kwa sifa ya utulivu limeegemea upande mmoja kuliko mwingine, na mnunuzi asiyejua limeegemea wapi huishia kununua maneno yaliyoandikwa kwenye boksi.

Suala hili si geni, ila limepata uzito mpya kwa sababu ya umeme unaoliwa na kadi za grafiki. GeForce GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ilipangiwa wati 250. RTX 3080 ya mwaka 2020 ilifika 320, RTX 4090 ya mwaka 2022 ikafika 450, na RTX 5090 iliyotoka mwanzoni mwa 2025 imepangiwa wati 575. Karibu umeme wote huo hugeuka joto ndani ya kasha. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kufungua na kufunga kompyuta jijini Dar es Salaam, alirudishwa kwenye suala hili na mpwa wake aliyemtumia picha ya kasha lenye mlango mzito mbele na sponji ndani. Chini ya picha paliandikwa: "Shikamoo mjomba. Nataka mashine kali ya gemu ila mama asiisikie usiku. Hili litafaa?" Swali fupi, lakini jibu lake lilikuwa limekusanywa kwa miaka mingi, kipande hapa na kipande pale.

Kipande cha kwanza kilipatikana katika intaneti kafe moja ya jijini, katikati ya miaka ya 2000, ambako mwandishi alikuwa msimamizi wa zamu ya jioni. Mashine zilikuwa mitumba yenye makasha ya bati jembamba, nyingi zikiwa na prosesa za Pentium 4. Toleo la prosesa hizo lililojulikana kama Prescott, lililotoka mwaka 2004, lilikuwa na sifa mbaya ya joto. Aina zake za juu zilizidi wati 100, na feni zilizopaswa kuliondoa joto hilo kwenye kasha zilikuwa za milimita 80. Feni ndogo haina namna ya kusukuma hewa nyingi isipokuwa kuzunguka mbio. Mwenye duka alikuwa ameagiza vifuniko vya ubavuni vitolewe vyote, na feni mbili za kusimama ziipulizie safu nzima kutoka nyuma. Wateja waliokuja kuzungumza na ndugu zao wa Ulaya kwa intaneti walilazimika kupaza sauti, kila mtu akajua habari za familia ya mwenzake.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa mkali nchini Tanzania. Umeme uliporudi jioni, mashine hazikuwashwa zote kwa mpigo, kwa hofu ya kuangusha swichi kuu. Ziliwashwa moja moja, na msimamizi aliyekuwa akipita kubonyeza vitufe alisikia jambo ambalo vitabu hulieleza kwa hesabu. Mashine ya pili ilipowaka, kelele iliongezeka waziwazi. Ya kumi na moja ilipojiunga na kumi zilizotangulia, hapakuwa na tofauti ya kusikika. Vyanzo viwili vya kelele vinavyolingana huzidi kimoja kwa desibeli 3 tu, na ili zipatikane desibeli 3 nyingine lazima vyanzo viwe vinne. Sikio nalo huona kelele imekuwa maradufu pale inapoongezeka kwa takriban desibeli 10. Hata hivyo, mashine moja ya pembeni, yenye feni iliyokwisha beringi, ilisikika juu ya zote hata chumba kilipokuwa kimejaa. Feni hiyo ilipobadilishwa, wateja walisema duka zima limetulia.

Kwa mchagua kasha, somo la kwanza hapa ni kutafuta chanzo kinachopiga kelele kuliko vingine kabla ya kufikiria jingine lolote. La pili linahusu idadi na ukubwa wa feni. Kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza hugharimu desibeli 3, lakini huruhusu zote mbili zipunguzwe mwendo, na faida iko hapo, maana kelele ya feni hupanda haraka kuliko mzunguko wake. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, mwendo ukiwa maradufu hewa huwa maradufu, lakini kelele huongezeka kwa takriban desibeli 15. Feni mbili zinazokwenda nusu ya mwendo hupitisha, kwa hesabu ya karatasini, hewa ileile ya feni moja ya mwendo kamili, kwa kelele iliyopungua kwa desibeli 12. Ndani ya kasha halisi, lenye vizuizi vya kila aina, hesabu hiyo haitimii yote, ila mwelekeo wake haugeuki. Kasha linalostahili kuitwa tulivu lina nafasi ya feni za milimita 120 au 140, tena zaidi ya moja upande wa mbele.

Watengenezaji walikuwa wakielekea hukohuko. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ilitoa kasha la P180, lililobuniwa kwa ushirikiano na Mike Chin wa Vancouver, Kanada, mtu aliyejulikana kwa kupima kelele za kompyuta. Paneli zake zilikuwa za tabaka tatu, plastiki ikiwa imebanwa kati ya karatasi mbili za alumini. Pawa saplai, ambayo katika makasha mengi ya wakati huo ilikaa juu, ilihamishiwa chini kwenye chumba chake, na feni zilikuwa za milimita 120. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam miaka ile halikuwa na habari na mambo hayo. Kasha liliuzwa pamoja na pawa saplai yake ndani, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa kidole, na kilichojadiliwa kilikuwa bei.

Kipande cha pili kilitoka kwenye studio ndogo ya muziki: chumba kimoja, maikrofoni moja, na kompyuta mita mbili kutoka kwa mwimbaji. Mvumo wa mashine uliingia kwenye kila wimbo. Mwenye studio alitaka kasha lifungwe kama yanavyofungwa yale ya bei mbaya ya Ulaya, na vifaa vikapatikana mtaa wa pili kwa fundi wa redio za magari. Huyo alikuwa na mikeka ya lami inayobandikwa ndani ya milango ya gari ili bati lisilie spika zikipigwa. Mikeka ilikatwa kwa kisu, ikapashwa moto ikalainika, ikabandikwa kwenye paneli zote, kisha juu yake ikawekwa sponji nyeusi. Kabla ya kazi hiyo, ubavu wa kasha ukigongwa kwa kifundo cha kidole ulilia kwa mwangwi mrefu. Baada yake ulitoa mlio mfupi mzito uliokufa papo hapo. Diski nayo ilining'inizwa kwenye vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, kwa kuwa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutikisa kasha mara 120 kwa sekunde, na bati hufanya kazi ya spika.

Rekodi zilizofuata zilikuwa safi, na sababu yake inaeleweka. Lami haizuii sauti kwa kuinyonya. Hulipa bati uzito na kulikatia mtetemo. Sponji ndiyo inayonyonya, lakini hunyonya sauti nyembamba tu: mluzi wa hewa, mkwaruzo wa diski, mlio wa koili. Mvumo mzito huipita. Feni yenye mapanga saba inayozunguka mara 1,200 kwa dakika hukata hewa mara 140 kwa sekunde, na sauti ya masafa hayo ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 2.5. Sponji ya unene wa milimita chache haina inachoweza kulifanya wimbi la urefu huo. Hivyo kasha lenye sponji hubadilisha zaidi rangi ya kelele kuliko wingi wake. Ukali hupungua, ngurumo hubaki. Kwa studio ile ilitosha, maana mashine yake ilikula umeme kidogo na feni zake zilikwenda polepole tangu mwanzo.

Kilichoonyesha mpaka wa njia hiyo ni gemu ya mpira wa miguu. Kijana wa mwenye studio alichomeka kadi ya grafiki ndani ya kasha lilelile ili acheze FIFA usiku, wakati hakuna wa kurekodi. Kabla ya kipindi cha kwanza kwisha, feni ya kadi ilikuwa imepanda hadi mwisho, ya prosesa ikafuata, na kasha lililokuwa kimya mchana likawa na kelele kuliko kabla halijabandikwa chochote. Joto lililokuwa likitoroka kupitia mianya ya bati sasa lilikuwa limefungiwa. Kadi ilitolewa asubuhi, studio ikaendelea na kazi zake. Kwa maoni ya mwandishi, mashine ambayo jumla yake haizidi wati 250 hivi inafaidika na kasha lililofungwa na kubandikwa sponji. Kuzidi hapo, faida huanza kuliwa na joto.

Katika miaka ya 2010 makasha ya aina hiyo yaliacha kuwa kazi ya kisu na mikeka ya magari. Kampuni ya Fractal Design ya Gothenburg, Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijijengea jina kwa mfululizo wa Define: mlango mbele, lami ubavuni, vifuniko vya kuziba matundu yasiyotumika. Kasha la Define R5 lilitoka mwaka 2014. Wajerumani wa be quiet! nao walikuwa na yao. Wafanyabiashara wa Kariakoo huyafuata makasha Dubai, hasa Bur Dubai, kwenye barabara ya Khalid Bin Al Waleed, ambako maduka ya kompyuta yamepangana pande zote mbili. Mwandishi alipofika huko kununulia wateja wake, mtindo ulikuwa umeshageukia vioo na taa za rangi. Muuzaji mmoja alipoulizwa kuhusu kelele za kasha lililokuwa mezani, alijibu kwa kuwasha taa zake.

Pale dukani, ambapo mashine haiwashwi na hakuna kipimo, kasha hukaguliwa kwa mkono. Paneli hugongwa kwanza. Bati linaloimba litakuja kutetemeka, lililo zito au lililobandikwa lami halitatetemeka. Pili, kidole hupitishwa kwenye upenyo ulio kati ya uso wa kasha na feni za mbele, na hapa ndipo makasha mengi mazuri kwa macho huanguka. Feni moja ya milimita 140 ina mdomo wa zaidi ya sentimita 150 za mraba, hivyo feni tatu zina zaidi ya 450. Kasha lenye kioo au mlango mbele, linalovuta hewa kwa mianya miwili ya pembeni yenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 40, lina sentimita 80 za mraba za kupumulia. Feni tatu zinanyonya kupitia nafasi ambayo haifiki hata sehemu moja ya tano ya midomo yao. Zitazunguka, zitapiga kelele, na hewa haitaingia ya kutosha. Hakuna feni ya gharama kubwa, hata zile za kahawia za Noctua ya Austria zinazosifiwa kila mahali, inayoweza kurekebisha hesabu hiyo.

Tatu, kasha huinuliwa na kuangaliwa dhidi ya mwanga. Wavu wa chuma wenye matundu mengi madogo, unaopitisha mwanga vizuri, hupitisha pia hewa vizuri. Wavu uliopambwa kwa maumbo, wenye chuma kingi kuliko tundu, huipasua hewa na kutoa mluzi ambao haupo kwenye feni yenyewe. Mwandishi ameona feni njema zikilaumiwa kwa kosa la wavu.

Kipande cha tatu, kilichokamilisha hoja, kilipatikana mwaka mmoja na kitu baada ya RTX 3080 kuingia sokoni. Kijana mmoja wa Upanga alileta mashine mpya aliyofungiwa kwingine. Alikuwa ametumia fedha nyingi, amechagua kasha la mlango na sponji makusudi ili apate utulivu, na mashine ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba mama yake alidhani imeharibika. Ndani hapakuwa na kilichokosewa. Nyaya zilifungwa vizuri, feni zilielekea upande sahihi, vumbi halikuwapo. Chumba kilikuwa na nyuzi 31 za joto, hali ya kawaida ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi. Gemu iliwashwa ikaachwa ifike mahali pazito, na mwendo wa feni za kadi ukasomwa kwenye skrini: mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Kisha mlango wa mbele na uso wote wa kasha ukang'olewa, gemu ikiendelea palepale. Dakika chache baadaye feni zilikuwa zimeshuka zenyewe hadi kama 1,400. Kwa kanuni iliyotajwa juu, huko ni kushuka kwa karibu desibeli 8. Kijana alicheka, kisha akauliza kwa nini aliuziwa mlango.

Hesabu ya hewa inaonyesha kwa nini isingeweza kuwa vinginevyo. Mashine inayokula wati 600 kwa jumla, kadi na prosesa na vingine vyote, inahitaji takriban lita 50 za hewa zipite ndani yake kila sekunde ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Hewa ikipungua nusu, tofauti hiyo inakuwa nyuzi 20. Chumba cha Stockholm chenye nyuzi 20 kinaweza kulivumilia hilo. Hewa ndani ya kasha itakuwa 40. Chumba cha Upanga chenye 31 kitafikisha 51, na hiyo ndiyo hewa ambayo kadi inaitumia kujipoza. Feni zake hazina hiari ila kukimbia. Wabunifu wa makasha mengi yanayosifiwa kwa ukimya wanaishi kwenye nchi za baridi, na mnunuzi wa pwani anaposoma sifa zao anapaswa kuongeza nyuzi kumi kichwani mwake kabla ya kuamini.

Ni kweli kwamba uso ulio wazi huachia sauti nyingi zaidi kutoka kwa feni zilezile. Lakini feni hazibaki zilezile. Kwa mashine kubwa, kupungua kwa mwendo wake huokoa zaidi ya kile mlango ungeweza kuziba. Watengenezaji wenyewe wamelikubali hili kwa vitendo. Silent Base 802 ya be quiet!, iliyotoka mwaka 2020, iliuzwa na nyuso mbili ndani ya boksi moja, uliofungwa na wa wavu, mwenye nayo achague. Mwaka uliofuata Fractal Design, walewale wa lami na sponji, walitoa kasha la Torrent ambalo mbele yake ni matundu matupu na feni mbili za milimita 180. Feni ya ukubwa huo husogeza hewa nyingi ikizunguka polepole, na kwa kadi za wati 400 na kuendelea, mwandishi haoni sababu ya kununua kasha la namna nyingine kama bei inafikika.

Kuna kelele moja ambayo kasha la wavu halina dawa yake: mlio wa koili. Huu ni wembamba, mkali, hupanda na kushuka kadiri picha zinavyotengenezwa, na sponji hupunguza sehemu yake kweli. Mara nyingi, hata hivyo, hutibiwa kwenye programu bila gharama. Gemu iliyoachwa huru huweza kutengeneza picha mamia kwa sekunde kwenye ukurasa wa menyu tu, huku skrini ikiwa haina uwezo wa kuonyesha zaidi ya 60 au 144. Zikiwekewa kikomo kinacholingana na skrini, mlio hupungua, na joto pia. Vilevile kikomo cha umeme cha kadi kubwa kinaweza kushushwa hadi asilimia 80, na mchezaji asione tofauti kwenye mchezo isipokuwa kama anapima. Wati ambazo hazikutumika hazihitaji feni.

Mwendo wa feni nao una adabu yake. Kilichomkera yule mama wa Upanga hakikuwa ngurumo peke yake. Zilikuwa zile feni zilizopanda na kushuka kila sekunde chache kwa kufuata joto la prosesa, hata kijana alipokuwa anafungua barua pepe tu. Sikio husahau mvumo usiobadilika na hushtushwa na unaobadilika. Feni zenye waya nne, zinazoongozwa na ubao mkuu wa kompyuta, zinaweza kuamriwa zisubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda, na zisifuate kila mruko wa prosesa. Kupanga hivyo kunachukua muda wa kunywa chai, na hakuna kasha, la bei yoyote, linaloifanya kazi hiyo kwa niaba ya mwenye mashine.

Kwa Afrika Mashariki lipo jambo la vumbi, ambalo wapima makasha wa Ulaya hulitaja kwa sentensi moja wakapita. Wavu ulio wazi huingiza hewa na kila kilichomo ndani yake. Mashine ya Dodoma wakati wa kiangazi inaweza kuwa na tabaka jekundu kwenye mapezi ya kupoza joto ndani ya miezi michache, na mapezi yaliyoziba hurudisha kelele ileile iliyokimbiwa. Pwani huongeza chumvi ya bahari, inayoleta kutu kwenye skrubu na kingo za bati. Kwa hiyo chujio la vumbi linalotoka kwa mkono mmoja, bila bisibisi, lina thamani kuliko kioo na taa zote. Lililo gumu kutoa halisafishwi. Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kidogo kuliko zinazotoa, ili hewa iingie kupitia machujio na isijiingilie kwenye kila ufa. Fundi anayesafisha kwa blowa ya gereji ashike mapanga ya feni kwa kidole, maana yakiachwa yazunguke kwa nguvu ya upepo beringi huharibika, na mashine iliyotoka kusafishwa ikarudi na mlio mpya.

Mahali pa kuweka kasha pana uzito ambao watu huudharau. Umbali ukiwa maradufu, kelele hupungua kwa desibeli 6 mahali pa wazi, na kwa kiasi pungufu ndani ya chumba. Kasha lililoshushwa kutoka juu ya meza, nusu mita kutoka sikioni, hadi sakafuni upande wa pili wa miguu ya meza, hutulia bila senti kutumika. Lisisukumwe kwenye kona wala ndani ya kabati la meza, ambako litavuta tena hewa ya moto lililoitoa. Sakafu ya vigae ikitetemeka, vipande vya mpira chini ya miguu yake vinatosha.

Upo pia mpaka ambao ukivukwa fedha hupotea bure. Chumba chenye pangaboi kwa mwendo wa tatu kina mvumo wake, na kompyuta iliyo chini ya mvumo huo haisikiki. Mchezaji mwenyewe huwa amevaa spika za kichwani, na anayesikia mashine ni mwingine: mtoto aliyelala, mdogo wake anayejisomea mtihani, mama aliye chumba cha pili. Kwa hao, feni isiyopandapanda na mlango wa chumba uliofungwa hufaa kuliko desibeli chache zilizonunuliwa kwa dola mia.

Namba za desibeli kwenye maboksi hazisaidii kulinganisha. Kampuni moja hupima feni peke yake, nyingine hupima mashine nzima isiyo na kazi, nyingine haisemi imesimama umbali gani. Kipimo cha simu hakiaminiki kwa sauti za chini, ila kinafaa kulinganisha mashine ileile kabla na baada ya kuguswa, simu ikiwa imelazwa mahali palepale. Upozaji kwa maji nao si ukimya wa bure: rejeta yake inahitaji feni, pampu ina mvumo wake, na joto lote linaishia kwenye chumba kilekile.

Mpwa alijibiwa kwamba kasha la kwenye picha lingefaa kwa kompyuta ya ofisini. Kwa mashine kali ya gemu aliyoitaka, atafute lenye wavu mbele, feni tatu za milimita 140 au mbili kubwa zaidi, paneli nzito za ubavuni, na chujio linalochomoka kwa urahisi, kisha fedha ya mlango na sponji aiongeze kwenye kadi yenye mapezi makubwa ya kupoza.

Mnunuzi yeyote aende dukani na futi kamba. RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe ina urefu wa milimita 304, na za watengenezaji wengine zipo zinazozidi 350. Kipozaji kikubwa cha prosesa kama NH-D15 cha Noctua husimama milimita 165 juu ya ubao. Vipimo hivyo vilinganishwe na nafasi ya ndani feni za mbele zikiwa zimeshafungwa, si kasha likiwa tupu. Hilo lifanyike kabla ya kulipa, kwa sababu risiti nyingi za Kariakoo zimechapwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.